Milango miwili katika kisiwa cha matuta

Tarehe 17 Aprili 1964, siku 9 kabla ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, kampuni ya Ford iliifunua Mustang kwenye maonesho ya kimataifa ya New York. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Bodi ndefu mbele, fupi nyuma, milango miwili, sura ya gari ya tajiri. Lakini chini ya bodi hiyo vyuma vingi vilikuwa vya Falcon, gari ya kawaida kabisa ambayo mwalimu na karani wa Marekani walikuwa wakiendea kazini. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo: mpe mtu wa mshahara sura na raha ya gari ya mbio, kisha mfichie ndani yake vyuma ambavyo fundi wa mtaani anavijua.

Wajapani waliifahamu hesabu hiyo upesi. Datsun 240Z iliingia soko la Marekani kwa dola 3,526, na Desemba 1970 Toyota ikaanza kuuza Celica nyumbani Japani. Mwaka 2012 Toyota ikaucheza tena mchezo ule ule kwa 86, iliyoitengeneza pamoja na Subaru. Ile ya chini kabisa iliuzwa yeni 1,990,000. Hizo 86, pamoja na Celica za miaka ya 2000 na Mazda RX-8, ndizo zinazoshuka leo bandarini Malindi zikiwa zimeshatumika, na ndizo zinazowakosesha vijana wetu usingizi. Kijana amepata kazi hotelini Kiwengwa au benki mjini, ana akiba yake, na badala ya kutafuta IST au Wish kama wenzake, anakuonesha kwenye simu picha ya kupee nyekundu iliyoegeshwa kwenye yadi ya Yokohama. Anakuuliza unaonaje. Hataki jibu. Anataka umwambie anunue.

Msimamo wangu niuseme mapema, mwenye haraka apate kwenda zake. Kupee ya bei nafuu inaweza kununuliwa Unguja na mtu mwenye akili timamu. Ila asiwe mtu ambaye hiyo ndiyo itakuwa gari yake pekee, na isiwe kupee yoyote tu kati ya zinazovuma. Na sababu kubwa ya kuikataa siyo ile inayotajwa barazani.

Barazani hutajwa mambo mawili, petroli na mwendo. La petroli ni jepesi. Toyota 86 ina injini ya sisi (cc) 2,000, sawa na Noah nyingi zinazobeba abiria na mizigo hapa mjini, nayo ina uzito wa kilo 1,240 hivi tu, chini kabisa ya Noah. Mwenye mguu wa taratibu hatatumia mafuta ya kumliza. ZURA inapotangaza bei mpya za mafuta kila mwezi, wa kuhurumiwa kwanza ni mwenye Prado.

La mwendo lina uzito zaidi, lakini watu hulishika upande usio wake. Wanasema: kisiwa chenyewe kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini ni kilomita 85 hivi, gari ya mbio utaikimbiza wapi? Ni kweli. Ukitoka mjini kwenda Nungwi, safari ya kilomita kama 60, unapita Mtoni, Bububu, Mahonda, Kinyasini na Mkwajuni, na karibu njia nzima uko ndani ya kijiji cha mtu: watoto wa skuli, baiskeli yenye majani ya ng'ombe, daladala iliyosimama ghafla kwa sababu abiria amegonga bodi. Kwenye makaazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa trafiki wanajua pa kusimama. Nguvu za farasi 200 hazina mahali pa kwenda.

Lakini anayenunua gari hizi kwa ajili ya kasi hajazielewa. Waliobuni 86 waliivisha, kwenye matoleo yake ya kawaida, tairi za aina ile ile iliyokuwa ikifungwa kwenye Prius, gari ya watu wapole wanaohesabu lita. Hawakufanya hivyo kwa ubahili. Walitaka gari iwe nyepesi na tairi zisishike barabara kupita kiasi, ili dereva aisikie inavyofanya kazi akiwa bado kwenye mwendo wa halali. Raha ya kupee ndogo iko kwenye kona, kwenye usukani usiobishana na mkono, kwenye gia ya mkono inayoingia kwa mlio mdogo, kwenye kiti kilicho chini kiasi kwamba kilomita 50 unazihisi kama 80. Gari yenye nguvu nyingi na uzito mwingi haiwezi kukupa hayo Unguja, kwa sababu itakuwa imelala usingizi muda wote. Gari ndogo nyepesi inaweza.

Na njia zipo. Toka alfajiri ya Jumapili, kabla ya daladala za Makunduchi na Jambiani kujaa, ukamate barabara ya kusini. Baada ya Tunguu utafika Bungi, penye ile miembe mikubwa ambayo inasemekana ilipandwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Iliyobaki bado inatupa kivuli juu ya lami. Mbele yake unaingia Jozani, hewa inabadilika, unashusha kioo, unarudi gia ya pili kwa sababu kona inakuja na nyuma ya kona kuna matuta. Matuta hayo yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar, na walikuwa wakigongwa sana pale. Hata kwa mwendo wa kumheshimu kima, mwenye gari nzuri anafaidi. Barabara nazo zimekuwa bora mno kuliko zilivyokuwa miaka kumi iliyopita: ya Bububu, Mahonda na Mkokotoni yenye kilomita 31, ya Fumba, ya Tunguu hadi Makunduchi, na mjini madaraja ya juu ya Amani na Mwanakwerekwe. Ubishi wa kwamba hatuna lami ya kuendeshea kupee umepitwa na wakati.

Tena mapenzi haya si ya kuigwa kwenye simu. Afrika Mashariki ilishazifanya kupee za bei nafuu kuwa mashujaa wakati vijana hawa hawajazaliwa. Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye aliziongeza nyingine nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun nyingine. Celica ikashika zamu 1984, 1985 na 1986, ikarudi miaka ya 90, na 1994 Mkenya Ian Duncan akashinda nayo. Hizo zilipita kwenye tope, vumbi na mawe ya bara. Anayesema kupee haiwezi barabara za Kiafrika ajibu kwanza hilo.

Ila naye ana jibu: timu za kiwanda zilikuja na mafundi, malori ya spea na helikopta juu. Wewe una fundi mmoja, naye ana gari za watu wengine sita kabla yako.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye hasara zenyewe, na tuanze na tumbo la gari. Toyota 86 kama ilivyotoka kiwandani ina milimita 130 kati ya chuma chake cha chini kabisa na ardhi. Tuta la Unguja halina kipimo. Yapo ya serikali yaliyochongwa vizuri, na yapo ambayo wanakijiji waliyamwaga wenyewe kwa zege baada ya mtoto kugongwa, makali kama ukingo wa kisima, nani awalaumu. Mwenye kupee hujifunza kuyapita kwa pembe, tairi moja moja, huku gari za nyuma zikipiga honi. Na bado itasugua.

Nenda kwa fundi bodi yeyote ukaangalie kupee iliyotumika hapa mwaka mmoja. Bampa la mbele lina rangi ya kiwandani juu, na chini lina mikwaruzo ya kijivu inayokwenda kwa mistari, kama imepigwa msasa. Vile vibanio vidogo vya plastiki vinavyoshika bampa na fenda vimekatika kwa zamu, na fundi ameviweka waya. Kile kiplastiki kipana cha chini ya injini hakipo kabisa. Kiling'oka kwenye njia ya mawe ya kuingilia hoteli fulani ya Matemwe na hakuna aliyerudi kukitafuta. Fungua buti, nyanyua zulia, penye spea tairi utakuta mchanga mweupe wa pwani, na chini ya mchanga chuma kimeanza kutoa kutu. Kutu ndiyo adui wa kweli. Gari inayolala Mizingani au Shangani wakati wa upepo mkali hupigwa na mvuke wa bahari usiku kucha, na ya Paje hali kadhalika. Wish nayo hupigwa, sikatai. Lakini Wish ikioza fenda unapata ya kuvulia kwenye gari iliyokufa Fuoni kwa bei ya maelewano. Fenda ya 86 utaifuata Sharjah.

Masika nayo. Sebleni na Mwanakwerekwe watu wanajua maji yanavyosimama mvua ikikaza, na kupee nyingi huvuta hewa ya injini kutoka chini mbele. Mwezi wa nne gari hii ni ya kukaa nyumbani, na mwenye gari moja tu hana anasa ya kukaa nyumbani mwezi wa nne.

Sasa fundi na spea, maana humu ndimo tofauti kati ya kupee na kupee inapokuwa kubwa kuliko tofauti kati ya kupee na Noah. Chukua Mazda RX-8, gari yenye sura inayoua, na kwenye picha za minada ya Japani huonekana rahisi ajabu. Kwenye karatasi imeandikwa sisi 1,308, mnunuzi akadhani amepata mwenziwe IST. Injini yake haina pistoni. Ni ya rota, vyumba viwili vya sisi 654 kila kimoja, na imebuniwa kuchoma oili kidogo kidogo ili kulainisha sili za kwenye ncha za rota. Oili hiyo inatakiwa ipimwe na kuongezwa kila mara, na sili zikichakaa ndio mwisho wa injini. Tena ina tabia moja mbaya: ukiiwasha ikiwa baridi, ukaisogeza kidogo na kuizima, inaweza kujaa petroli na kukataa kuwaka tena. Fikiri maisha ya gari ya mjini. Kutoka Vuga hadi Darajani. Kutoka Malindi hadi Mlandege kununua mkate. Kuitoa ili jirani apite, kuirudisha. Sijui kama Mazda wangeweza kubuni gari isiyofaa Mji Mkongwe kuliko hii hata kama wangeagizwa.

Toyota 86 iko mbali na balaa hilo, lakini injini yake ni ya Subaru, silinda zimelala ubavu huku na huku, na kubadilisha plagi tu ni kazi ya mikono myembamba na subira nyingi. Mgandamizo wake ni 12.5 kwa 1, ndio maana Japani kwenyewe huambiwa inyweshwe petroli ya okteni ya juu. Mafundi wanaoielewa wapo, wachache, na wanajua kwamba ni wachache.

Celica ya mwisho, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, ndiyo inayofanana zaidi na ile hesabu ya Mustang. Ile ya kawaida, si ile kali, ina injini ya 1ZZ ya sisi 1,800, na injini hiyo hiyo iko ndani ya Wish, Allion na Premio za 1,800 za wakati wake, yaani iko kila mtaa wa Unguja. Pampu ya maji, plagi, mikanda, mikono ya injini, fundi wa Kwahani anavijua bila kufungua kitabu. Kasoro yake ni kuwa zile za miaka ya mwanzo zilikuwa na ugonjwa wa kula oili. Ukiiwasha asubuhi ikatoa moshi wa buluu, aga uondoke. Ile kali, yenye injini ya 2ZZ iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Yamaha, ina nguvu za farasi 190, lakini uhondo wake huanza injini ikifika mizunguko kama 6,000 kwa dakika. Askari wa Mahonda akiwa barabarani, huo uhondo utaufikia katika gia ya kwanza, na hapo hapo itabidi uuache. Unalipia nguvu utakazozisoma kwenye kadi ya gari.

Kuhusu kulipa, wengi hupigia hesabu bei ya Japani peke yake. Mjapani anauza kwa sababu gari yake ikishatimiza miaka mitatu lazima ipite ukaguzi wa serikali, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi una gharama. Kwa hiyo gari nzima na nzuri huuzwa mapema. Huo ni unafuu wako. Unafuu unaishia baharini. Tuseme gari, bima na usafiri hadi Malindi vimefika shilingi milioni 16. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, kwa hiyo milioni 4 zimeshaondoka. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya hiyo 20, nao hupanda kadiri sisi za injini zinavyopanda, na gari kuukuu huongezewa mzigo wa uchakavu. VAT inakuja mwisho na kuhesabiwa juu ya jumla yote, ushuru juu ya ushuru. Gari ya mwaka 2006 iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa yaweza kudaiwa fedha nyingi kuliko bei yake. Mtu apate hesabu iliyoandikwa, kwa namba ya chesisi, kabla hajatuma hata yeni moja.

Ndugu zetu wa Maskati huja likizo na picha za Mustang na Challenger za huko, bei ambazo hapa huwezi kuzitaja mbele ya mke. Zinatamanisha. Usukani wake uko kushoto. Tuziache Maskati.

Nimesema petroli na mwendo si hoja kubwa. Matuta, kutu na spea ni hoja za kweli lakini zina dawa. Hoja isiyo na dawa ni milango.

Gari Unguja haiwi ya mtu mmoja. Ukishaiegesha mlangoni, mtaa mzima unahesabu kwamba kuna gari. Mtu akifariki Kikwajuni saa nne ya asubuhi, na maziko ni Makunduchi baada ya alasiri, likishamalizwa suala la sanda linaulizwa la gari: zipo ngapi? Mwenye Noah anaambiwa achukue wazee saba. Mwenye Wish anachukua watano na mtoto. Macho yanakuja kwa mwenye kupee. Atachukua mmoja, na huyo mmoja awe na magoti mazima. Kiti cha nyuma kipo, kwenye kadi imeandikwa abiria wanne, lakini kukifikia lazima mtu akunje kiti cha mbele, ainame, apitishe mguu mmoja, ashike kanzu, kisha akae magoti yakigusa kidevu kilomita zote hadi kusini. Hakuna mzee atakayekubali mara mbili. Hatakulaumu kwa mdomo. Atasema tu, "Wewe mwanangu tangulia."

Haya ni ya msiba. Ya kila siku ndiyo mazito. Mama ana kliniki Mnazi Mmoja. Kuingia ndani ya kupee anaweza, anashuka tu mpaka kiti kimpokee, lakini kutoka ni kuvutwa kwa mikono miwili mbele ya watu huku buibui likikanyagwa na mlango. Ami yuko Donge, amekuitia mazao. Unakwenda gari tupu, unarudi na mkungu wa ndizi, mihogo, fenesi moja la kubebwa na watu wawili, na ikiwa ni msimu, duriani. Sitaeleza harufu ya duriani ndani ya gari yenye madirisha mawili yanayofunguka. Shemeji anaomba watoto wake wafikishwe skuli. Sikukuu ya Idd watoto wote wa ukoo wamevaa nguo mpya na wanataka kuzungushwa, na wewe unawapeleka kwa mafungu, safari tano badala ya moja, mpaka mkubwa wao anauliza kwa nini hukununua gari ya kweli.

Harusi peke yake ndiyo inayoipenda kupee. Kila kijana anayeoa anataka ipambwe maua na ipigwe picha Forodhani. Haikodishwi, inaombwa, kwa sababu ni ya rafiki, ni ya jamaa, ni ya fulani wa kwetu. Bibi harusi na gauni lake wanaingia kwa shida, joho la bwana harusi linabanwa na mlango, na usiku unairudisha nyumbani imejaa mchele na gundi ya maua kwenye rangi.

Kuna watakaosema huu ni mzigo wa ukoo, si kasoro ya gari, na kijana ana haki ya kujinunulia kitu chake bila kuwa daladala ya familia. Nawaelewa, na moyoni kidogo niko upande wao. Mtu amefanya kazi zamu za usiku miaka, amewasomesha wadogo zake, halafu anataka kitu kimoja kisichomfaa mtu mwingine yeyote. Sioni aibu hapo. Lakini haki hiyo anaweza kuitumia kwa amani pale tu ambapo nyumba ina gari nyingine. Kaka yake ana Noah, au yeye mwenyewe ana IST ya kazini, basi kupee inakuwa starehe yake, na hakuna mzee anayeiangalia akihesabu viti. Ikiwa ndiyo gari pekee ya nyumba, kila anapoitoa amemnyima mtu, na raha ya kona ya Jozani haiwezi kushindana na hilo muda mrefu. Nimeona wakiziuza mwaka wa pili, na hakuna aliyesema sababu ni viti. Wanasema spea.

Jingine ni kuonekana. Noah nyeupe Unguja haina jina. Kupee nyekundu ina jina, nalo ni lako. Ukionekana Fuoni saa tatu usiku, mkweo aliyeko Mombasa, ile Mombasa yetu ya karibu na Kiembe Samaki, ana habari kabla hujafika nyumbani. Wapo wanaoipenda hali hiyo na ndiyo wanayoinunua. Mkaazi wa ndani ya Mji Mkongwe hata hilo hapati: gari haiingii Hurumzi wala Kiponda, kwa hiyo anaitembeza hadi Malindi au Mnazi Mmoja, anaiacha huko na watoto wanaochora vidole kwenye vumbi la kioo, kisha anakwenda kwao kwa miguu. (Farrokh Bulsara, mtoto wa mji huu aliyejulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alikuwa na Rolls-Royce Silver Shadow huko London na inasemekana hakuwahi kuwa na leseni, labda ni malezi.) Kwa mtu wa vichochoroni anayetaka raha ya chombo chepesi chenye gia ya mkono, kinachopita mpaka mlangoni, Vespa bado haijapata mpinzani, na fundi wake yuko kila kona.

Nikibanwa nichague, basi ni Celica ya kawaida ya 1,800, iliyokwisha kuingia nchini na kulipiwa kila kitu, gia ya mkono, isiyoshushwa zaidi ya ilivyotoka kiwandani, na iliyoishi Fuoni au Tunguu badala ya ufukweni. Atazamwe fundi akiinyanyua kwa jeki pande zote mbili na kupiga chesisi kwa nyundo ndogo. 86 kwa mwenye uwezo na fundi wa Subaru anayemwamini. RX-8 abaki nayo aliyenayo.

Na kabla hajatoa pesa, afikirie siku ya kuiuza, maana soko lenyewe limezungukwa na maji. Meli za Azam Sealink hubeba gari hadi Dar es Salaam, lakini gari yenye namba ya Zanzibar ikitaka kuhamia Bara imekuwa ikidaiwa tofauti ya kodi, jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitajwa miongoni mwa kero za Muungano. Kwa hiyo atauza hapa hapa. Wanaotaka kupee ya gia ya mkono Unguja wanajuana kwa majina, wanakutana jioni Mnazi Mmoja na kutazamiana gari, na kila mmoja wao anajua yako ilisugua tuta gani, nani aliipiga puti, na lini mkeo amejifungua mtoto wa pili. Bei watakayokupa itakuwa imeshazingatia hayo yote.